Joto la Chumba Namba Tisa

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Mkaguzi amekuja leo kutoka mkoani. Kalamu tatu mfukoni, viatu vimejaa vumbi la Bariadi. Amezunguka godauni lote, vyumba kumi na vinne, lakini kwa nje tu. Kila chumba kina kufuli la mpangaji wake, na hapa sheria ya kwanza ni hiyo: kufuli la mtu haliguswi.

Akamuuliza Mzee Mustapha, mwenye godauni, ndani kuna nini? Mzee akasema yeye anapangisha nafasi, hapangishi mizigo. Enzi za ushirika mtu aliandika kila kinachoingia. Sasa ni biashara huria, anayejua mzigo ni mwenye mzigo.

Mkaguzi ameagiza mambo mawili. Ndoo kumi za maji ya kuzimia moto. Na mtu yeyote asilale ndani ya godauni.

Mimi nalala ndani ya godauni.

Jumatano, 6 Agosti

Ndoo zimekuja. Nimezipaka rangi nyekundu na kuandika MOTO kwa nyeupe, zote kumi, herufi zimenyooka. Nimezijaza maji na kuzitundika ukutani. Halafu Mzee akanipa kibao: MARUFUKU KULALA NDANI. Nimekipigilia juu ya mkeka wangu, msumari ulikuwepo.

Nikamuuliza, sasa nilale wapi? Akasema, "Wewe mchana kuli, usiku mlinzi. Umeona wapi mlinzi analala?"

Nikarudi kupakua mahindi.

Alhamisi, 7 Agosti

Masalu wa chumba namba tisa ananunulia pamba kampuni moja ya Mwanza. Chumba kimejaa mpaka karibu na bati, pamba tupu, haimo kwenye magunia. Leo kaja mbio. Lori linakuja kesho, pamba inapimwa kiwandani, tuiongezee uzito.

Mawakala wote wanafanya. Zamani ushirika ulikuwa na mtu wa kuchambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, na pamba yenye maji ilirudi na mwenyewe nyumbani. Siku hizi anayechelewa kununua wenzake wanamtangulia, hakuna wa kuchambua.

Bomba halitoi tangu jana usiku. Masalu akaangalia ukutani. "Maji si hayo?"

Nikamwambia hayo ni ya moto.

"Moto uko wapi?"

Tumemwaga ndoo zote kumi, mimi na Salu, kuli mwenzangu. Yeye Msukuma wa hapa hapa, mimi wa Kasulu. Halafu tukapanda juu kuishindilia kwa miguu, maana pamba ikilowa inashuka na inabaki nafasi ya kuongeza. Salu akanicheka: "Mha, kanyaga! Umezoea kukanyaga migebuka." Nikamwambia migebuka ni samaki wa kwetu, hatukanyagi, tunakula. Nyie ndio mnakula mlichokanyaga, pesa ya pamba.

Ndoo nimezirudisha ukutani. Zinapendeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wakulima wanapumzika, lori nalo limepumzika. Masalu kafunga kufuli, kasema kesho.

Jumanne, 12 Agosti

Kesho imekuwa siku nne. Kampuni haina mafuta ya lori, au haina pesa ya mafuta, inategemea nani anasimulia. Masalu kapanda basi kwenda Mwanza kuwabana. Ufunguo kaondoka nao.

Namba tisa inanuka kama pombe iliyochacha.

Alhamisi, 14 Agosti

Usiku wa Agosti huku ni baridi, lakini siku mbili hizi nalala bila blanketi. Mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa namba tisa. Ukuta una joto kama mtu. Maumivu ya kiuno yamepungua! Nimelala vizuri kuliko mwaka mzima.

Asubuhi kaja Mayu Domitila, mama wa namba kumi. Anauza mishumaa, viberiti na mafuta ya taa. Mafuta anayaweka humo humo, mapipa mawili. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Kanionyesha mshumaa. Umepinda kama ndizi.

"Mha, umewasha jiko humu?"

Nimemwambia nakula kwa mama ntilie, jiko sina. Kanusa mikono yangu, kaamini. Kafunga, kaenda mnadani Nyashimo.

Baada ya hapo ndipo nikafikiri. Joto linatoka wapi?

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwambia Felisita, karani wetu. Alikuwa karani hapa hapa enzi za ushirika, godauni analijua kuliko Mzee. Kaweka kiganja kwenye mlango wa bati wa namba tisa, kakitoa haraka.

"Mlimwaga maji?"

Nikakubali.

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha ukutani. Kazichungulia ndoo moja moja. Ya nne akaacha.

Kasema pamba mbichi ikirundikwa inajipika yenyewe kutoka katikati, haihitaji kiberiti. Alishaiona mara moja, mwaka wa sabini na tisa. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Lile godauni ulishaliona?" Nikasema sijaliona. "Basi ndivyo ilivyokuwa."

Ukuta kati ya tisa na kumi haufiki juu. Mzee alibana matofali.

Tukaenda kwa Mzee Mustapha. Anauliza kufuli la nani. La Masalu. "Basi mngojeni Masalu. Nikivunja moja leo, kesho nani ataniamini na mzigo wake?" Nikauliza, tuhamishe basi mapipa ya namba kumi? Akauliza tena, kufuli la nani? La Mayu Domitila, na bado yuko Nyashimo. Felisita akapiga simu Mwanza kutoka posta. Wakamwambia Masalu ametoka kula. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Salu kaniita pembeni. Kasema, ndugu yangu, usije ukagusa kufuli hilo. Hapa Sungusungu, walinzi wa jadi, hawana swali la pili. Kuna mtu alivunja kufuli la baiskeli kule Dutwa, na baiskeli ilikuwa ya shemeji yake. Mpaka leo anachechemea. "Na yule alikuwa Msukuma," akamalizia.

Leo mkeka nimeuhamishia mlangoni. Baridi.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia hauinuki.

Saa tatu asubuhi moshi ulianza kutoka juu ya mlango wa namba tisa. Mwembamba, mweupe. Felisita alikuwa anapita kwenda misa. Akasimama, akaangalia moshi, akaangalia nondo iliyoegemezwa ukutani. Akasema, "Mimi niko kanisani tangu saa mbili." Akaenda. Salu akasema akiulizwa yeye alikuwa chooni, na akaenda chooni kweli, ili asiseme uongo.

Nikawaza mapipa mawili ya Mayu Domitila. Nikavunja.

Mvuke ulinipiga usoni kama nimefunua sufuria. Pamba juu nyeupe, chini ya hapo kahawia, katikati nyeusi. Nikaanza kuivuta nje kwa mikono. Salu akatoka chooni, akasimama kidogo, akaanza kuvuta na yeye.

Sasa fikiria mtu anapita barabarani. Jumapili, watu wako makanisani, kufuli liko chini, Mha anabeba pamba ya Masalu. Ukapigwa mwano, ukelele wa kuita watu. Walikuja kama thelathini na fimbo, mbele yao Masele, mtemi wao. Nikapata fimbo ya bega kabla sijafungua mdomo. Ya pili ilikuwa inakuja — na pamba niliyoitoa uani ikashika moto yenyewe mbele ya macho yao. Upepo tu!

Masele akapiga kelele, "Ndoo!" Watu wakakimbilia ndoo nyekundu. Nyepesi zote. Yeye mwenyewe akachungulia ndani ya moja, halafu akaniangalia mimi, muda mrefu.

Wakazima kwa mchanga na miguu. Nusu ya pamba imeungua. Namba kumi iko salama, na ukuta wake, na mimi.

Masele kasema shauri litasikilizwa kesho saa kumi, hapa hapa. Nisitoke nje ya geti.

Jumatatu, 18 Agosti

Lori limefika asubuhi! Na Masalu, na bwana wa kampuni mwenye miwani. Bwana akauliza moto ulianzaje. Masalu akajibu haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu: "Mlinzi alikuwa anapika ndani. Kibao tumeweka, haoni."

Kisha akanivuta nyuma ya godauni. Hakunikaripia. Kaniita kaka. Kasema bwana akijua habari ya maji, uwakala umekwisha, na nyumbani kwake wanakula watu kumi na mmoja. Nikikubali nilipika, Sungusungu watanifukuza mji tu, ameshaongea na wawili. "Na wewe si unataka kwenda kwenu? Mimi nakukatia tiketi ya treni mpaka Kigoma."

Nina miaka minne sijafika Kasulu. Mwanangu Precious nilimwacha hajaota meno. Mke wangu kaandika kwamba sasa anauliza baba ni nani, na yeye anamwonyesha picha ya kitambulisho. Sijawahi kuwa na nauli ya kwenda na kitu cha kubeba kwa pamoja.

Nilikuwa karibu kusema ndiyo.

Lakini nimerudi ndani kuchukua sweta nikakuta Salu anabeba ndoo mbili, zimejaa; bomba limerudi leo. Masalu kamwambia nusu iliyobaki imepungua uzito kwa sababu ya joto. Lori linalala hapa leo. Nikamuuliza Salu, nikiondoka ulinzi anachukua nani? Akaangalia mkeka wangu.

"Mzee kaniahidi."

Nikamwambia, Salu, umeona jana! Akasema ameona. Akasema ana watoto watano. Lakini ndoo kaziweka chini, na hajazigusa tena, hajazirudisha pia.

Sasa ni saa kumi kasoro. Nimekaa juu ya gunia. Felisita kawapikia Sungusungu ugali na maharage, wako uani wanakula. Bwana wa miwani kakaa nao. Masalu kasimama mlangoni, tiketi hana bado, ila bahasha anayo, ananionyesha pembe yake.

Masele kauliza yule Mha yuko wapi. Salu kamjibu naandika.

Kasema, "Amalizie."

Wananawa mikono. Nitaanza na zile ndoo.