Rafiki Yangu Alianguka Mazoezini, Akaniapisha Ninyamaze

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukiweza usingoje siku ya ukurasa wako, kwa sababu mbio za vyuo ni Jumamosi ijayo na mimi tangu wiki iliyopita chakula hakinipiti kooni. Naitwa Muthoki, nyumbani ni Mukuyuni, lakini nasoma chuo kikuu kimoja hapa Kitui, mwaka wa tatu, na mimi ndiye kepteni wa wasichana katika klabu yetu ya riadha.

Wacha kwanza nikueleze hii klabu ndio uelewe kwa nini nimebanwa hivi. Ilianzishwa na mhadhiri wa somo la udongo, Mwalimu Musyimi, wakati chuo hakikuwa hata na kiwanja, akawa anapeleka wanafunzi kukimbia kwenye mchanga wa mto uliokauka, pale kina mama huchimba visima vya kuteka maji, na watu wakawa wanasimama na punda wao wakicheka, eti Mkamba na mbio wapi na wapi, hiyo ni kazi ya watu wa Bonde la Ufa. Timu ya kwanza ilienda mashindano ya vyuo na raba za turubai ikamaliza ya mwisho, watazamaji wakaipigia makofi ya huruma, na Mwalimu husema makofi hayo ndiyo yaliyomkasirisha mpaka leo hajaacha. Baadaye wavulana walileta shaba ya mbio za kupokezana vijiti, picha yao iko ukutani kwenye jumba la kulia, lakini sisi wasichana hatujawahi kuleta chochote, na mwaka huu chuo kimesema klabu isiyoleta kitu itaunganishwa na ile ya mpira, na sisi tunajua maana yake, ni kuzikwa kwa heshima. Mwalimu mwenyewe anastaafu mwaka huu.

Sasa Mungu akatuletea Kavata. Ni msichana wa Emali, tunalala chumba kimoja hosteli, na huyo akikimbia kwenye mchanga utafikiri yuko kwenye lami. Katika mbio za nyika timu huhesabiwa kwa wakimbiaji wanne, na sisi wenye nguvu ni wanne haswa, Kavata akiwa wa kwanza wetu. Tulipoenda mbio za majaribio upande wa Kiboko tuliwapita wasichana wa vyuo ambavyo zamani vilikuwa vinatufanya mchezo, na Mwalimu alivua kofia akasimama hapo ameishikilia kifuani, mpaka nikaogopa labda ni mgonjwa.

Wiki iliyopita mimi na Kavata tulikuwa mbele ya wenzetu, tumeacha mto tunapanda ukingo, na ghafla akaanguka. Mshauri, hakujikwaa. Mtu akijikwaa hutupa mikono mbele, lakini yeye alienda chini kifudifudi kama gunia, na nilipomgeuza macho yalikuwa meupe na midomo imebadilika rangi. Nilipiga mayowe na mama mmoja aliyekuwa anateka maji akaja mbio na kibuyu akammwagia usoni, na baada ya muda ambao mimi niliona ni mrefu sana akafungua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama wengine wameona. Nikamwambia bado hawajafika. Akaketi, akajipangusa mchanga, akaniambia tukae kidogo.

Hapo ndipo aliponiambia habari za kaka yake.

"Mwau alianguka hivi hivi," alisema. "Kwenye kiwanja cha shule, akikimbilia mpira. Yeye hakuamka."

Kwao walisema ni mkono wa mtu, wakamnyooshea kidole jirani, kanisa likafunga na kuomba, na hakuna aliyeuliza daktari kitu. Kavata mwenyewe alikuwa ameanguka mara moja likizo, akamwambia mama yake ni njaa. Nikamwambia twende kliniki ya chuo sasa hivi, akanishika mkono, akasema nikimpeleka watamtoa kwenye mbio milele.

"Na mimi bila mbio ni nani, Muthoki?"

Nikakosa jibu, akaniapisha kwa uhai wa mama yangu, na kwa vile wenzetu walikuwa wanatokea kwenye kona nikaapa haraka haraka, na tukainuka tukakimbia nao kana kwamba hakuna lililotokea.

Tangu hiyo siku sina amani. Akilala mchana baada ya mazoezi mimi naketi kitandani kwangu nikisikiliza kama anapumua. Tukikimbia namwangalia mgongo mpaka nasahau miguu yangu. Nimemwambia akimbie polepole, akacheka. Nilienda ofisini kwa Mwalimu Musyimi nikiwa nimeamua kusema, nikamkuta ametandaza mezani jezi mpya, ananiuliza kama rangi inapendeza, kisha akasema, "Mwaka huu, Muthoki, nitaenda nyumbani nikiwa nimeshiba." Mshauri, nilimuuliza habari za maji ya siku ya mbio nikatoka.

Na jambo ninaloona haya kuliko yote ni hili, kwamba sijui tena kama nanyamaza kwa sababu ya kiapo au kwa sababu nataka kombe, maana yeye akitoka hakuna timu, na mimi ndimi nitakayekuwa kepteni aliyeizika klabu. Nimefikiria kwamba labda tumwache akimbie hii moja tu, halafu Jumatatu nimpeleke hospitali mimi mwenyewe. Je, hiyo ni sawa? Na kiapo cha uhai wa mama yangu nikikivunja, itakuwaje? Nisaidie, tafadhali, nimeshindwa.

Muthoki, Kitui

BI MWANAMISI ANAJIBU

Muthoki binti yangu, hapana. Hii moja tu, hapana. Haya ninayoandika ndiyo niliyokuambia kwa simu siku ileile barua yako iliponifikia, kwa sababu kuna barua za kungoja ukurasa na kuna zisizongoja.

Mimi si daktari, lakini kabla ya kukupigia nilimuuliza daktari, na hakusubiri nimalize. Kijana anayezirai katikati ya mbio bila kujikwaa, na ndugu yake wa damu amekufa ghafla akikimbia, huyo asikimbie hata kufuata basi mpaka moyo wake upimwe. Huenda ikawa si kitu. Lakini anayesema si kitu awe na vyombo vya kupimia, asiwe wewe na wasiwasi wako.

Pole, najua umebeba mzigo mzito. Sasa nikukemee kidogo. Uliona mwenzako ameanguka kama gunia, ukamwinua akakimbia tena siku hiyo hiyo. Kisha ukaingia ofisini kwa mtu mzima anayeweza kusaidia, ukaishia kuuliza habari za maji. Unaketi kusikiliza pumzi zake. Je, siku usipozisikia utafanya nini? Utamwambia nani kwamba uliapa?

Kiapo cha kumsaidia mtu afe si kiapo, na katika hilo dini yako na yangu hazigombani. Mama yako hatadhurika kwa sababu umesema ukweli. Ukiogopa, mpigie simu umweleze, uone kama hatakuwa wa kwanza kukwambia nenda.

Na umeuliza kama unanyamaza kwa sababu ya kombe. Ndiyo, binti yangu, kwa sehemu. Usijichape sana kwa hilo, sisi sote tunapenda kushinda. Jua tu kwamba unalitaka, kisha fanya linalofaa hata hivyo.

Fanya hivi, na ufanye leo. Anza na Kavata mwenyewe, usimzunguke kwa nyuma. Mwambie uso kwa uso: nakwenda kusema, na nakwenda sasa. Asikurudishe nyuma kwa machozi. Ukitoka hapo nenda moja kwa moja kwa Mwalimu Musyimi, umwambie yote, kuanguka kote kuwili na habari ya kaka yake, usimpunguzie. Mwambie unataka apelekwe hospitali yenye vipimo vya moyo, si kupewa dawa ya maumivu arudishwe. Mama yake aambiwe na mtu mzima, si kwa ujumbe wa simu. Na mpaka daktari aseme, raba zake zikae chini ya kitanda. Jumamosi mkimbie wachache, au msikimbie kabisa.

MUTHOKI ANAANDIKA TENA

Mpendwa Bi Mwanamisi, nilifanya kama ulivyosema, na nimekuruhusu uchapishe yote, na Kavata amekubali pia, ingawa hakuniambia mimi, alimwambia Mwalimu.

Nilipomwambia nakwenda kusema, hakulia. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja, akasema, "Nenda. Lakini ukirudi usinisemeshe." Nilikwenda moja kwa moja ofisini. Mwalimu Musyimi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ilikuwa siku gani, na nilipomwambia akafunika uso kwa mikono, kwa sababu jioni ya siku hiyo ndiye aliyetuongezea mzunguko. Kisha akainuka, akamchukua nesi wa chuo, wakaenda hosteli wenyewe. Zile jezi aliziacha mezani.

Kavata alipelekwa hospitali, wakampima, wakamtuma kwingine akapimwa tena, na jibu ni kwamba nyama ya moyo wake ni nene kuliko inavyopaswa, ni ugonjwa unaokwenda kwa damu ya ukoo, na daktari alisema wazi kwamba mbio za mashindano zimekwisha. Amepewa dawa, na wadogo zake nao watapimwa. Mama yake alikuja kutoka Emali, na daktari alipomweleza kwamba huenda hicho ndicho kilichomchukua Mwau, Mwalimu anasema aliuliza, "Kwa hivyo si yule mama jirani?" Walikuwa hawajasalimiana naye tangu mazishi. Nimesikia kwamba aliporudi Emali, kabla hata hajaingia kwake, alipita kwa huyo jirani. Walilosemezana silijui, lakini mama Kavata alinipigia simu baadaye akaniita mwanangu.

Jumamosi tulikimbia watatu. Tulimaliza vizuri, mimi nilikimbia vizuri kuliko maisha yangu yote, lakini watatu si timu, hatukuhesabiwa. Klabu bado haijaamuliwa, mkutano ni mwezi ujao, na Mwalimu anasema atakwenda kuwaeleza wakuu yeye mwenyewe, na kwamba tangu sasa hakuna atakayevaa jezi yetu kabla ya kupimwa moyo.

Lakini Kavata alihama chumba chetu. Tukipishana njiani ananipita kama nguzo ya stima. Nilimwachia ndengu na chapati kwa mwenzake wa chumba kipya, akazirudisha hazijaguswa. Je, nifanye nini ili anisamehe?

BI MWANAMISI ANAJIBU

Binti yangu, usimtafutie msamaha kwa chapati. Alikuuliza yeye bila mbio ni nani, ukakosa jibu, na mpaka leo huna. Hilo ni lake kulitafuta, na itachukua muda wake. Amefiwa na kaka, sasa amefiwa na mbio, na huwezi kumwambia ashukuru huku msiba uko ndani ya kifua chake mwenyewe. Mwambie Mwalimu Musyimi amwite kwenye klabu kwa kazi nyingine kama akitaka, na wewe usiwe mjumbe wala usiulize amejibu nini.

Mtu aliyekufa hamkasirikii mtu. Kavata yuko hai, ana haki ya kukukasirikia, na wewe ipokee hasira yake bila kujitetea. Mkipishana msalimie kwa jina, mara moja, usisimame kungoja aitikie. Kesho msalimie tena. Na hizo ndengu uzile wewe, maana siku nyingi hujala vizuri.