Maji ya Makayabu kwenye Stroberi za Mama

Bénie,

Nimekwenda kazini Kinsevere. Maji ya bomba yamerudi: zimwagilie stroberi zote, taratibu, mpaka yatoke kwenye matundu ya chini ya ndoo zilimopandwa, yaioshe chumvi. Mbolea usitie, nayo ina chumvi zake.

Asubuhi nilipokuonyesha majani yaliyoungua kingo, ulinicheka: "Papa, mayi iko mayi tu! Ile ya makayabu nikaitupe bule?" Bweni la shule, ambako maji yalikuwa haba, lilinifunza kutoyatupa, ndiyo maana sikukukaripia. Lakini maji uliyolowekea samaki wa chumvi ni adui wa mizizi: udongo umelowa, na mmea unakufa kwa kiu. Majani makuukuu ndiyo yanayobeba chumvi kwanza, machanga yapate kusalimika. Usiyakate.

Mama yako alizipanda kabla ya kwenda Kananga kumuuguza bibi yako, akatuagiza tusionje tunda la kwanza bila yeye. Nimeliona jana, limeanza kuwa jekundu.

Akipiga simu, ~~mwambie stroberi ni nzima~~ mwambie ukweli. Mwambie pia ~~nimechoka kula bila yeye~~ kwamba kiti chake hakuna anayeruhusiwa kukikalia.

Papa