Nasoma Chuo Kimoja na Mwanangu, Sasa Anataka Nijitoe Kwenye Matembezi

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana kila niliyemweleza jambo hili alianza kwa kucheka.

Mimi ni mama wa makamo, mume wangu ni fundi wa pikipiki, na tuna mtoto mmoja tu wa kiume ambaye yuko mwaka wa pili chuoni akisomea ujenzi, na mimi mwenyewe niko mwaka wa kwanza, chuo hicho hicho, nasomea kazi za maabara. Ndiyo, umesoma sawasawa, mwanangu amenitangulia darasa. Nilimaliza sekondari nikiwa tayari nimeposwa, nikaolewa, nikazaa, nikawa nauza vipuri dukani kwa mume wangu, na kila mwaka nilikuwa nasema mwakani nitarudi shule, mwakani, mwakani, mpaka siku moja huyo mwanangu akaniambia, "Mama, hiyo mwakani yako sasa ina mvi," na ni yeye aliyenisukuma niombe nafasi, nadhani alijua sitapata. Nikapata.

Mwanzoni hatukuwa na shida. Yeye analala bwenini, mimi natoka nyumbani kila asubuhi, na tukikutana kwenye korido tunasalimiana kama majirani. Sasa mwalimu wetu mmoja akatuambia kila mwanafunzi awe na shughuli moja nje ya darasa. Moja! Mimi nikachukua tatu: mijadala, kwaya, na kikundi cha matembezi ambacho wikendi hupanda basi la chuo kikaenda vilimani, mapangoni, ziwani, popote penye njia ya miguu. Mwanangu alikuwa tayari yumo kwenye kikundi hicho, na sitakudanganya, nilijua yumo. Nilimuuliza kama nijiunge, akainua mabega, na mimi nikayahesabu yale mabega kuwa ndiyo.

Mshauri, sikuwahi kujua kwamba nina mapafu. Miaka yote nimesimama nyuma ya kaunta, nikidhani kuhema ni kazi ya wanamichezo. Siku tuliyopanda kilima cha kwanza nilifika juu wa mwisho, nikageuka nikauona mji wetu uko chini kama vipuri vilivyomwagwa mezani, nikalia, na wale vijana wakanipigia makofi. Tangu hapo wananiita Mama Kwanza, kwa kuwa niko mwaka wa kwanza, na pia kwa kuwa kwenye basi nafika kabla ya dereva. Muhula huu walinichagua mwenyekiti wa kikundi. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuchaguliwa kuwa kitu chochote, maana hata kuwa mke na kuwa mama hakuna aliyenipigia kura, kwa hiyo niliporudi nyumbani siku hiyo nilimwambia mume wangu asimame anisalimie vizuri, na akasimama, mikono imejaa grisi.

Sasa sikiliza yaliyonifika. Jumamosi moja niliwaongoza kwenda kwenye maporomoko ya maji. Pana mwamba mrefu pale, na chini yake dimbwi, na vijana wakaanza kuvua mashati warukie majini. Mwanangu naye akapanda. Chini, kwenye majani, alikuwa amekaa binti mmoja wa darasani kwake ambaye nimeona mwanangu anamtazama sana, na nadhani ni kwa ajili yake alitaka kuruka. Mimi nikayaona yale maji meusi, nikaona vidole vya miguu ya mwanangu vimeshika ukingo wa mwamba, na sikujua hata nimefungua mdomo saa ngapi, nikasikia sauti yangu mwenyewe inapiga ukelele: "Wee, Kibonge wa mama! Shuka hapo! Umesahau ulivyougua masikio?" Hilo ndilo jina tulilokuwa tunamwita alipokuwa mdogo, ingawa sasa ni mwembamba kama ufito. Watu wote wakaangua kicheko. Kijana mmoja akaanza kuliimba lile jina, wengine wakaitikia, na mimi badala ya kunyamaza nikaparamia mwamba nikamshika mkono nikamshusha. Alivaa shati lake ndani nje, akaenda kukaa kwenye basi peke yake mpaka tulipoondoka. Wenzake waliobaki juu wakaruka, wakaibuka wanacheka.

Siku mbili hazijaisha nikampelekea bwenini nguo zake nilizompigia pasi, na chakula. Alinifungulia mlango, akanipa kiti, yeye akabaki amesimama.

"Mama, chuo hiki hakitutoshi sisi wawili."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Wewe una nyumba, una duka, una mtaa mzima wanakujua. Mimi nilikuwa na chuo tu. Sasa na chenyewe umekichukua."

"Nimekichukua vipi, mwanangu? Si ni wewe uliyeniambia niombe nafasi?"

"Nilikwambia usome. Sikukwambia uje kuwa mama yangu mpaka mlimani." Halafu akasema nijitoe kwenye matembezi, la sivyo yeye atatafuta chuo kingine aanze upya. Chakula hakukigusa.

Nilidhani ni hasira za kupita. Lakini sasa haji nyumbani, na mwalimu wake wa michoro alinisimamisha kwenye korido akaniuliza mimi, mwanafunzi tu kama mwanangu, mbona haonekani darasani. Dada yangu ananiambia nijitoe mara moja, "Mwanamke mzima unaparamia mawe na watoto wa watu, unatafuta nini huko?" Mume wangu anasema yeye hana kura katika hili, ila nikiacha, nisije nikamwambia tena habari za mwakani.

Na safari kubwa ya kufunga muhula iko mlangoni, tunapanda mlima, tunalala kwenye mahema, na mimi ndiye kiongozi. Nimeazimia kwenda, mshauri, nakwambia kweli nimeazimia, lakini kila nikishika begi nakiona kile kiti alichonipa bwenini. Je, mama mwema hujitoa? Naomba usinibembeleze.

Mama Kwanza


MSHAURI ANAJIBU

Mama Kwanza, umeomba usibembelezwe, umefika penyewe.

Usijitoe. Nalisema mapema ili usome yanayofuata bila moyo kukudunda. Mama anayeacha jambo analolipenda kwa ajili ya mtoto huwa halisahau. Utalitaja siku ya harusi yake, utalitaja hata kwenye msiba wa jirani, na kijana wa watu ataishi miaka yote akiombwa ashukuru kitu ambacho, moyoni mwake, wala hakukihitaji. Anachokihitaji ni kingine, na nitakuonyesha, kwa sababu kimo kwenye barua yako mwenyewe ila umekipita mbio.

Ulimuuliza ukamjibia. Mtu akiinua mabega hajasema ndiyo, mama. Kijana anayempenda mama yake hawezi kumwambia "usije", kwa hiyo huinua mabega na kuomba Mungu mama aelewe. Wewe hukuelewa, au ulielewa ukaamua kutoelewa.

Tuje kwenye mwamba. Hofu yako siilaumu hata kidogo. Maji usiyoyajua kina chake hayarukiwi, na hao wengine walioibuka wanacheka waliokolewa na bahati tu. Lakini tazama ulichofanya. Pale juu walisimama vijana kadhaa, wote ni watoto wa mtu, wote uliondoka nao chuoni, na wewe ndiye kiongozi wao. Ukamshusha mmoja, ukawaacha waliobaki waruke! Mwenyekiti angesema "Hapa haruki mtu", na wote wangeshuka wakinung'unika pamoja. Wewe uliuacha uenyekiti chini ya mwamba, ukapanda na umama. Mwanao hakukasirika kwa sababu ya jina la Kibonge, ingawa jina hilo nalo, mbele ya yule binti, lo! Alikasirika kwa sababu katika kundi zima ni yeye peke yake aliyekuwa mtoto.

Halafu ukaenda bwenini. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili nikitafuta neno "nisamehe". Nimeona pasi, nimeona chakula, neno lenyewe sijaliona. Ulitaka chakula kikuombee radhi, naye hakukigusa. Alikuelewa vizuri sana.

Naye si malaika. Kumwambia mzazi "jitoe au naondoka" ni vitisho, na kutoroka darasa la michoro ili mama aumie ni utoto ule ule anaokataa kuitwa nao. Chuo si chumba chake cha kulala. Kama anataka kuheshimiwa kama mtu mzima, na aingie darasani kama mtu mzima. Kijana, ukisoma hapa, hiyo ni yako.

Sasa fanya hivi, mama, tena wiki hii, usingoje hasira zipoe zenyewe, maana zikipoa zinaganda.

Mtafute mahali pasipokuwa bwenini kwake wala nyumbani kwako. Nenda mikono mitupu, usibebe hata ndizi. Mwambie, "Nilikuaibisha mbele ya wenzako, nisamehe," kisha funga mdomo. Neno "lakini" likikujia, limeze. Usimkumbushe masikio, usimkumbushe uchungu wa kumzaa.

Kuhusu darasa la michoro, muulize mara moja, ana kwa ana, umwachie ajibu. Walimu wakikusimamisha tena kwenye korido, waambie mwanafunzi wao ana miguu na ana masikio, wamwite mwenyewe. Wewe una mitihani yako.

Mwambie unakwenda kwenye safari, na kwamba yeye yuko huru kwenda au kubaki, na jibu lolote halitakuwa habari ya kuzungumzwa mezani. Akibaki, itakuuma. Iache iume. Akienda, basi huko hana mama, ana mwenyekiti, na sheria utakayomwekea yeye iwe ya kila mtu, pamoja na wewe mwenyewe. Kama huwezi kumtazama anateleza kwenye kokoto bila kupiga ukelele, mpe mtu mwingine uongozi siku hiyo, uwe mwanachama wa kawaida.

Na dada yako akiuliza tena unatafuta nini huko kwenye mawe, mjibu kwamba ulikitafuta na umekipata. Funga begi lako.


BARUA YA PILI

Mshauri, nilijiambia nitakuandikia mambo yakikaa sawa, na bado hayajakaa sawa yote, lakini nimeona nikuandikie hivyo hivyo.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya maktaba. Nikasema yale maneno uliyonipa, nikafunga mdomo, na ulimi uliniwasha kama nimelamba pilipili. Akaningoja. Akaona siendelei.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyebadilishwa hospitalini. Nikamuuliza habari ya michoro, akasema, "Nitaenda, Mama," na najua alikwenda kwa sababu mwalimu wake sasa akiniona ananipita na salamu tu.

Safarini hakuja. Alisema anabaki kumalizia kazi za darasa alizokosa. Iliuma, nikaiacha iume kama ulivyosema, nikapanda basi. Tukapiga mahema, tukaimba, na asubuhi ya kupanda kileleni ikaanguka mvua ya kumwagwa kwa ndoo, na ukungu ukashuka mpaka hatuoni hema la jirani. Vijana watatu wenye miguu mizuri wakataka waende hivyo hivyo, wakasema wazee na wavivu wabaki. Mshauri, mimi nilitaka kile kilele kuliko wote. Nikasema hapandi mtu. Walinuna siku nzima, mmoja akakataa hata chai yangu, na tulirudi bila kufika juu, lakini basi lilipofika getini nikawahesabu wote, wazima, wamenuna, wananuka moshi.

Jumapili iliyofuata mwanangu akaja nyumbani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuja kwa ajili yangu, alikuja kuchukua viatu vyake. Mimi nilikuwa mezani namsimulia baba yake habari za mlima, na nikamsikia mwanangu amesimama kwenye mlango wa jikoni, viatu mkononi, haingii wala hatoki. Nikaendelea kusimulia, sikumgeukia. Nilipofika kwenye mvua, akauliza:

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia hapandi mtu."

"Wote?"

"Wote. Na mimi mwenyewe."

"Hapo sawa," akasema, akaweka viatu chini, akavuta kiti.