Siku Tuliyofunga Mhimili wa Nne

Mjukuu wangu Chebet,

Chamgei? Sisi huku Boito tuko salama. Babako anachuma chai, na yule ng'ombe mweupe amezaa.

Umeniuliza nilituliza moyo namna gani siku ya kujaribu mashine. Sikuutuliza, mama.

Miaka hiyo ya tisini, karakana ya kiwanda chetu ilikuwa na mashine ndogo ya kukata chuma, inayoongozwa na kompyuta. Haikuweza kuzungusha chuma, kwa hivyo haikuweza kukata gia. Gia ya mashine ya kusagia majani ilipovunjika, kiwanda kilisimama, chai ikaanza kuharibika. Mimi na Opiyo, fundi mwenzangu kutoka upande wa ziwa, tukaifungia ile mashine ndogo mhimili wa nne: kichwa cha kuzungusha chuma, na mota yake. Nilitaka kukata chuma papo hapo.

"Dada, tuanze na mbao," Opiyo akasema.

Mashine ikikata, mimi nilifagia sakafu ambayo tayari ilikuwa safi. Jino la mwisho likatoka nusu, kumbe mkanda wa mota ulikuwa unateleza. Tukaukaza, tukajaribu mbao nyingine, kisha chuma.

Jino la mwisho likakaa sawasawa kando ya la kwanza. Opiyo alipiga makofi. Mimi nilichukua ufagio tena.

Mungu akutangulie kazini.

Kogo wako