Mstari Mmoja kwenye Saraka

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini mgongo umeacha kukusumbua na watoto hawajambo. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Tafadhali usiichane barua hii kabla hujafika chini.

Yako ilinifikia. Umesema umemchoka shemeji, kwamba mwanaume aliyefukuzwa kazi kwa uzembe hana la kuwafundisha watoto, na kwamba mwisho wa mwezi unarudi kwa mama. Ukaongeza kuwa angalau mimi niliifuta aibu kwa kuyaokoa mafaili aliyoyapoteza yeye. Maneno hayo nimeyasoma tena na tena wiki nzima.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Pale ofisini wahandisi wanachora madaraja, na michoro yote iko kwenye seva moja, kompyuta kuu ya kuhifadhia kazi. Mhandisi akiketi mbele ya kompyuta yoyote, folda yake inamfuata yenyewe: kompyuta inaiuliza saraka ya mtandao, yaani orodha ya mahali kila kitu kilipo, saraka inajibu iko wapi, inafunguka. Mstari mmoja tu wa saraka ndio unaowaelekeza wote. Ukikosewa huo, wote wanapelekwa kusiko.

Shemeji, mkuu wetu wa kompyuta, aliyenifundisha tangu kushika kipanya, alikuwa na sharti lake. Saraka haiguswi na mtu mmoja. Mmoja anaandika, mwenzake anasoma mstari kwa sauti, herufi kwa herufi, ndipo unahifadhiwa. Tulimcheka sana. Mafundi walimbatiza Mwalimu wa Imla.

Jumatatu ile wahandisi walifungua folda zao wakakuta tupu. Michoro ya miaka minane! Bosi alikuja mbio, shati nje, akipiga kelele kwamba shemeji amefuta kila kitu, maana ndiye aliyeingia Jumamosi kusafisha seva. Kabla ya saa sita shemeji alikuwa ameshafungiwa akaunti na kupewa barua ya kufukuzwa kwa uzembe. Alasiri mimi nikayarudisha mafaili, nikapigiwa makofi, na kiti chake nikapewa mimi.

Sasa nisikilize, dada. Hakuna kilichofutwa. Mimi ndiye niliyeubadilisha mstari ule Ijumaa wakati wa kufunga ofisi, peke yangu, bila mtu wa kunisomea, kwa kiburi cha kuonekana najua. Niliruka neno moja, saraka ikawapeleka wote kwenye folda mpya isiyo na kitu. Michoro ilikuwa salama pale pale ilipokuwa.

Wala kosa hilo sikuligundua mwenyewe. Shemeji alipokuwa anatolewa na mlinzi, sanduku mkononi, alininong'oneza nikautazame mstari wa saraka. Alikuwa ameshaiona kumbukumbu ya saraka, yenye jina langu na saa. Bosi alipomuuliza nani kafanya, alijibu kwamba yeye ndiye mkuu, kosa ni lake. Akaniomba kitu kimoja tu: nikwambie mwenyewe, kwa kuwa yeye hawezi kumchongea ndugu wa mkewe. Ni miezi saba sasa. Kila Jumapili nimekuja kwenu, nimekula, nimekusikia ukimsimanga, naye akiniongezea mchuzi. Najichukia.

Jana nilimweleza bosi. Alisema yaliyopita si ndwele, wateja wasije wakasikia, nirudi kazini. Barua ya uzembe haibadiliki, na ndiyo hiyo inayomfungia shemeji kila mlango anaobisha. Basi nimeandika ya kwangu, nimeeleza yote, nimetia saini na kuambatisha kumbukumbu ile. Imo kwenye bahasha hii. Aipeleke popote atakapoomba kazi. Kesho bosi atapata nakala, na kiti nitakiacha kabla hajaninyang'anya.

Wabusu watoto, na mama mfikishie salamu akipiga simu. Shemeji usimwombe anisamehe. Msamaha wangu nitakuja kumwomba mwenyewe, na wako, dada, umwombe wewe.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibandika jina,
Kiherehere