Kabla Haijaingia Guniani

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumamosi asubuhi

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo lina mambo yake. Wanao ni wazima. Wanakula, wanakua, wanagombana. Wewe je, kile kifua kimepona? Na hapo wodini bado wanakupanga zamu mbili mfululizo? Nijibu hayo kwanza, maana yanayofuata yatakuudhi kidogo, kama yalivyoniudhi mimi.

Kosa wanalofanya wengi wanapofundisha watoto kutenganisha taka ni kuanza na rangi za ndoo. Plastiki humu, karatasi mle, makopo kule. Mtoto anajua kitu kimetengenezwa kwa nini, lakini hakuna aliyemwambia aulize kama kimemaliza kazi. Chati uliyotutumia ina picha nzuri, sikatai. Ila aliyeichora hajawahi kuishi kwenye nyumba kama yetu, ambamo kopo la majarini lina vifungo, chupa ya juisi ina sabuni ya maji, na boksi la viatu ndilo kabati la stakabadhi.

Basi mkubwa wako, ambaye siku hizi tunamwita Mheshimiwa kwa jinsi anavyotoa amri, aliibandika mlangoni mwa jiko, akapanga magunia mahali pa ndoo, akaanza kazi. Siku ya kwanza nilitafuta vidonge vyangu vya presha hadi presha yenyewe ikapanda. Vilikuwa kwenye gunia la plastiki, ndani ya kichupa chao.

"Plastiki, Bibi," akanieleza, kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito.

Fundi cherehani, jirani yetu, alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Mwalimu, usikae kimya muda mrefu kwenye kiti hicho. Watakutia guniani."

Mimi sikucheka, lakini wala sikusahihisha somo, na hapo ndipo nilipokosea, pamoja na miaka yangu thelathini na mmoja ya ualimu. Nilihamishia vidonge kabatini nikaona yamekwisha. Mheshimiwa akamfundisha mdogo wake, Kitinda, na kila Kitinda alipotia karatasi guniani nilimpigia makofi.

Jumatano alizitia barua zako. Zote tatu. Alizitoa chini ya mto wa kaka yake, akazipeleka guniani, kisha akaja kudai makofi yake. Nilikuwa nimempa mgongo nikimenya viazi. Niliweka kisu chini, nikampigia bila kutazama.

Alhamisi asubuhi mnunuzi wa karatasi chakavu akalichukua gunia. Mheshimiwa aliporudi kutoka shuleni akainua mto, hapakuwa na kitu. Nilimshika mkono tukaenda mpaka uani kwa yule mnunuzi, goti na vyote. Ni mtu mwema. Alitumwagia magunia mawili tukachambua. Mzigo wa asubuhi ulikuwa umeshabanwa kwa waya, marobota yenye kimo cha mlango.

"Ulikuwa unatafuta za shule, baba?" akamuuliza.

"Za mama," akajibu.

Najua unawapigia simu kila Jumapili. Lakini simu haikai chini ya mto.

Tangu hapo hamsemeshi mdogo wake. Chati ameibandua, akaitia kwenye gunia la karatasi. Kwa kanuni zake, hakukosea. Nimeanza somo upya: kila kitu, kabla ya kuguswa, mwenyewe aulizwe kama kimemaliza kazi. Kitinda anauliza mpaka vijiko, na jana aliniuliza mimi kuhusu babu yake aliyesinzia sebuleni. Mheshimiwa amekaa pembeni, mikono kwapani. "Mimi sitengi tena, Bibi. Mtatenga wenyewe." Ninaogopa kwamba mtoto aliyeumia hivi akiwa na miaka sita atayachukia magunia haya maisha yake yote, na kosa halikuwa lake.

Baba yako anakusalimu. Hajamaliza kazi, tumeulizia. Fundi pia anakusalimu, na shangazi yako anashukuru kwa kitambaa. Mola akutie nguvu miguuni na wepesi mikononi, na wagonjwa wako wapone.

Leo hii, kabla hujavua sare, chukua ratiba ya zamu iliyokwisha muda wake, igeuze upande usioandikwa, umwandikie mwanao barua.

Mama yako, akupendaye hata anapokukaripia