Neno la Daktari Mrefu

Jumatatu, 3 Juni

Leo daktari amesema neno moja na nyumba nzima imepagawa kwa furaha. Isipokuwa mimi.

Daktari huyu ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "asante" na "vuta pumzi". Manesi wanamwita Mrefu. Alisimama miguuni pa kitanda cha Baba, mikono mfukoni, akazungumza polepole kama mtu anayevuka sakafu iliyotoka kupigwa deki. Nikasikia ini. Nikasikia vipimo. Mengine yakanipita. Mwisho akasema: tutamweka "comfortable".

Sikuwahi hata kufungua mdomo — Kaka kalidaka! Kiingereza cha kaka yangu ni cha matangazo ya magodoro, na neno hilo halikosekani kwenye tangazo lolote. Kabla hatujafika kwenye ngazi alishampigia Mama: Baba yuko kamfotebo! Daktari mwenyewe kasema! Mama alishangilia hadi mimi niliyekuwa kando ya simu nikamsikia.

Nikamwambia Kaka, subiri, hakusema "yuko", amesema "tutamweka". Akanijibu: wewe nawe, hata habari njema unaikagua kama kitambaa chenye tundu.

Sawa. Lakini mtu mwenye habari njema mbona alikuwa anatazama viatu vyake?

Jumanne, 4 Juni

Karakana. Nimevisha kochi moja tu kutwa nzima, nalo mshono umekwenda upande.

Kinachoniudhi ni kwamba neno hili ni la kazini kwangu! Kila mteja analo. "Fundi, nataka kiti kiwe kamfotebo." Nakandamiza sponji, naongeza kidogo, mambo yameisha. Leo limenishinda.

Nimefungua kamusi. Kamusi imenipa: -a starehe, -a raha, -liotulia, -a kujiweza. Kujiweza! Baba hawezi hata kugeuka kitandani bila kushikwa. Ipi sasa niichukue?

Mchana akaja yule mteja wangu mwalimu wa Kiingereza, kuchukua viti vyake vya mezani. Nikamuuliza. Kosa kubwa! Uso ukamng'aa. Inategemea muktadha, Fundi, kasema. Kiti kikiwa hivyo, ni laini. Maisha yakiwa hivyo, ni ya kujimudu. Mtu asiyeona haya mbele ya watu, naye ni hivyo hivyo. Timu ikishinda bila jasho, ushindi wake ni "comfortable". Visawe akanimwagia kama vifungo: "cosy", "snug", "at ease", "well off". Nikamkatiza — na daktari akilisema juu ya mgonjwa?

Akanyamaza. Akasema hilo atalitazama akifika nyumbani. Akabeba viti vyake upesi kuliko alivyokuja.

Nimemuuliza habari ya baba yangu, ananijibu mpira! Lakini kule kunyamaza ndiko kulikonitia baridi.

Jumatano, 5 Juni

Wametoa dripu. Na ile dawa ya manjano pia. Imebaki sindano ya maumivu tu. Kaka amefurahi: unaona, dawa zinapungua, mzee anapona!

Nilitaka kupiga kelele humo humo wodini.

Alhamisi, 6 Juni

Mama amefua mapazia yote. Shangazi ameshuka kwenye basi na mabegi mawili, amekuja kumpokea kaka yake. Majirani wanasimama mlangoni kumpongeza Mama, naye anacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu Baba alazwe. Nani atamwambia mwanamke huyu "ngoja kwanza"? Mimi? Kwa ushahidi gani — mtu alitazama viatu?

Jioni Kaka amenishushia kiti cha zamani cha Baba pale karakana. Kivishe upya, weka sponji nzito, Jumatatu mzee anatoka. Nikamuuliza, nani kasema Jumatatu? Hakuna aliyesema. Kaamua mwenyewe!

Nimechukua mkasi nikalichana lile kava kuukuu kwa hasira, vumbi likaruka. Halafu nikakaa chini, basi. Vijana wa duka la jirani waliniuliza kama nimejikata. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemvizia Mrefu kwenye korido, peke yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Alipotokea, yote yakakimbia.

Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: lile neno lako la Jumatatu, maana yake nini?

Akasema, Baba asisumbuke. Asihangaike. Awe "settled". Awe "at peace".

Jamani! Kila neno la bwana huyu limejazwa sponji! Nikamwambia: daktari, mimi ni fundi wa makochi. Vua kitambaa, nionyeshe mbao.

Ndipo akanitazama machoni. Mara ya kwanza.

Akasema. Ini limekwisha. Dawa ya kumponya hakuna, na wao wameacha kuitafuta. Wanachoweza sasa ni kumwondolea maumivu mpaka mwisho ufike. Nikauliza, lini? Pengine wiki, pengine mbili. Pengine hata hiyo moja isitimie.

Nikamuuliza mbona hukutuambia Jumatatu?

"Niliwaambia," akasema. Na anaamini kabisa kwamba alituambia! Kwao ndivyo linavyosemwa, na kila mtu anaelewa na kwenda kulia zake. Kwetu watu wanafua mapazia!

Akaniomba radhi. Nikamwambia asante. Asante ya nini, mimi sijui.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia Kaka. Uani, kwenye kamba ya nguo, Mama na Shangazi wakiwa ndani.

Kasema nimesikia vibaya. Kasema Kiingereza changu ni cha kidato cha pili. Kasema starehe ni starehe, hakuna lugha duniani ambayo starehe ni kufa! Nikamwambia nimemuuliza daktari mwenyewe, ana kwa ana. Akasema basi, hayo yaishie hapa hapa. Mama asijue. Na Baba ndiyo kabisa — ukimwambia utamuua.

Mimi ndiye nitakayemuua! Siyo ini. Mimi!

Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki. Yeye akawa anabana nguo kwenye kamba, zile zile zilizokwisha kubanwa. Anazibandua, anazibana tena.

Chakula tumekula bila kutazamana. Shangazi akauliza, nyie mna nini? Kaka akasema joto.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi Kaka alitoka kununua maji. Baba akanikunjia kidole, nisogee.

"Mama'ngu, wewe ndiye unayemsikia yule Mrefu. Anasemaje juu yangu?"

Nikaanza. Anasema watakuweka katika hali ya... Nikakwama hapo.

"Usinizungushe. Nimeendesha malori maisha yangu yote. Gari likiwa linavutwa, dereva anajua."

Nikamwambia. Sikutafuta kisawe. "Baba, hawakutibu tena. Wanakutuliza maumivu tu."

Akafumba macho. Nikajua basi, nimemuua kweli. Kisha akasema, bila kuyafumbua: "Afadhali. Nilishaanza kujiona mwehu. Kila anayekuja ananichekea, ati umepona, umepona, na huku tumbo linawaka moto." Akanishika mkono. Wake ni mwepesi sana sasa. "Mama yako je?" Nikasema hajui, amefua mapazia. Akatabasamu kidogo. "Alikuwa anayachukia yale mapazia."

Kaka akarudi na chupa zake. Nyuma yake Mrefu, yuko raundi. Baba hakungoja salamu.

"Mwambie nataka nyumbani. Nikalale chumbani kwangu, mke wangu awepo."

"Usitafsiri!" Kaka. "Mwambie arudishe dripu."

"Mwambie," akasema Baba.

"Nimesema usi—"

Wote wananitazama mimi! Baba, Kaka, Mrefu, na mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hata hayamhusu. Nikafungua mdomo, hakikutoka Kiingereza wala Kiswahili. Mrefu akainua kiganja: taratibu, namaliza wagonjwa wengine, nitarudi kwako.

Sasa niko kwenye benchi nje ya wodi. Naandika ili mikono ipate kazi. Mlango uko wazi, namwona Mrefu amefika kitanda cha dirishani.

Kaka amekuja kukaa. Siyo karibu — mtu wa tatu angeenea katikati. Kisha:

"Mama ataweza? Kumgeuza, kumwosha?"

Nikasema tutamsaidia.

"Ile sindano. Wataturuhusu kuondoka nayo?"

Nikasema sijui. Ni ya kuuliza.

"Basi uliza." Chupa ya maji anayo mkononi na hanywi. "Mwambie kama Baba alivyosema. Ila mimi nisiwepo."

Nikamwambia sawa, nenda.

Mrefu ananawa mikono. Amefunga bomba. Anakuja huku.

Kaka hajainuka.